Herufi ya Tatu

Malipo ya korosho yalipoingia, mpwa wangu wa Milola hakununua bati wala pikipiki ya pili. Alinitumia picha 11 za Toyota Altezza. Nyeupe, namba C, zile taa za nyuma za kioo cheupe zenye maduara mekundu ndani, rimu nyeusi, viti vimevishwa ngozi ya bandia. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Ni manyuo hii, gia 6. Niishike?"

Nilizikuza moja baada ya nyingine. Dalali alikuwa amepiga usukani, amepiga matairi, amepiga hata buti na jeki iliyolala humo. Nilichokitafuta mimi hakikuwepo: kile kibati kidogo kinachokaa ndani ya chumba cha injini, chenye jina la kiwanda, namba ya chesisi na mstari wa herufi ambao wanunuzi wengi hawausomi mpaka wanaliuza gari tena.

"Marahaba," nikamjibu. "Mwambie afungue boneti akupigie kibati. Mpaka hapo usitoe hata mia."

Kwa Wamwera ukoo hufuata mama, kwa hiyo mjomba ana neno kwenye fedha za mpwa wake, au tuseme alikuwa nalo. Siku hizi kijana huja kuomba ushauri ameshaamua, anachotaka ni baraka. Huyu wangu alikuwa ameamua jambo moja tu: manyuo. Otomatiki, kwake, ni gari la mama mchungaji.

Kabla sijasema alikosea wapi, niseme kwanza kwa nini mtu wa Milola aitake Altezza. Toyota waliitoa Oktoba 1998, na mwaka uleule ikabeba tuzo ya gari la mwaka la Japani. Injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, mwili mfupi, dashibodi iliyochongwa kama saa ya mkononi, visaa vidogo ndani ya saa kubwa. Ilikuja kwa namna mbili kuu. RS200 ilibeba injini ya 3S-GE ya silinda 4, nguvu za farasi 210 kwa manyuo na 200 kwa otomatiki. AS200 ilibeba 1G-FE, silinda 6 za mstari, farasi 160. Ulaya na Marekani waliijua kwa jina la Lexus IS. Uzalishaji ulikoma 2005, na tangu hapo zimebaki zilizopo. Sisi Tanzania tulizipata nyingi, tukazizoea, tukazifanya gari la mtoto wa mjini, tukazishusha springi, tukazitoboa eksozi, na tukaziua kwa wingi. Iliyofika leo bila kuguswa ni ya kuitunza.

Hivyo ndivyo gari la kawaida linavyogeuka la kuenziwa. Corolla Levin na Trueno za 1983 hadi 1987, zile za AE86, ziliuzwa zikiwa gari za bei ya wastani kwa vijana wa Japani. Wapenda kuteleza kwenye kona za milima wakazipenda, katuni ya Initial D iliyoanza 1995 ikazipeleka dunia nzima, na leo hata mkweche wake una foleni ya wanunuzi. Kuna pia sababu ya sheria. Marekani huruhusu kuingiza gari la nje lisilokidhi kanuni zao likishatimiza miaka 25, kwa hiyo Altezza za mwanzo zilifunguliwa mlango ule 2023. Mnunuzi wa Dar es Salaam aliyezoea kushindana na Mganda na Mzambia kwenye minada ya Yokohama sasa ana mshindani mwenye dola. Na yule hataki otomatiki.

Hapo ndipo mpwa wangu alipokuwa na haki. Kwenye magari ya aina hii manyuo huuzwa ghali zaidi, tena si kwa tofauti ndogo. Siku hizi sababu yake haihusiani na kasi, maana otomatiki mpya hubadili gia haraka kuliko mkono wa binadamu yeyote. Porsche walipotoa 911 GT3 ya 2013 waliitoa na giaboksi ya klachi mbili tu, ile wanayoiita PDK, kwa sababu ilikuwa na kasi zaidi uwanjani. Wateja wakanuna. Mwaka 2016 kiwanda kikatoa 911 R, manyuo pekee, magari 991, nayo yakapanda bei karibu kabla rangi haijakauka. Mwaka 2017 GT3 ikarudishiwa mkono wa gia kwa anayeutaka. Ferrari nao walianza na vishikio vya usukani kwenye F355 mwaka 1997, baadaye manyuo ikafifia mpaka ikatoweka kwenye orodha yao, na sasa 360 au 599 yenye mkono wa gia wa chuma na ile sahani yake yenye mifereji inafukuziwa na matajiri kuliko pacha wake wa vishikio. Waliokuwa wakilipa zaidi ili wasikanyage klachi, leo wajukuu zao wanalipa zaidi ili waikanyage.

Lakini hiyo ni biashara ya watu wenye gereji zenye viyoyozi. Milola kuna mwembe.

Na mimi kuhusu otomatiki nina kidonda changu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na Mark II, safi, otomatiki, nikishuka nayo kusini. Nilipofika Nangurukuru alternata ikafa. Si jambo kubwa. Dereva mmoja wa Canter akajitolea kunivuta mpaka Lindi mjini, tukafunga kamba, nikaweka N, tukaondoka tukipiga stori kwa simu. Kilomita zaidi ya 100, magurudumu ya nyuma yanazunguka chini. Tulipofika fundi akabadili alternata kwa saa moja, nikawasha, nikaweka D. Gari likaguna. Nikakanyaga, injini ikalia, gari halikusogea. Harufu niliyoisikia pale, kama mafuta ya kukaangia yaliyoachwa jikoni usiku kucha, sijaisahau.

Kilichotokea kinaeleweka ukishaijua giaboksi ya otomatiki ya zamani. Ndani mna pampu inayosukuma mafuta ya haidroliki yalainishe na yabane zile pleti, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Ukivuta gari la namna hii magurudumu yanayosukuma yakiwa chini, shafti ya kutokea inazunguka ndani ya giaboksi kavu mpaka vitu vinaungua. Tiba yake ni bolti 4: toa propela shafti, ifunge pembeni, vuta gari mpaka Songea ukipenda. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Kwenye manyuo unaweka huru, mafuta ya giaboksi yanarushwa na meno yenyewe, na kamba ni kamba tu.

Kwa hiyo nilikuwa mtu wa manyuo kwa hasira, wakati mpwa wangu alikuwa mtu wa manyuo kwa fasheni. Ushauri wa watu wawili kama hao si ushauri.

Picha ya kibati ilikuja kesho yake asubuhi, imepigwa kwa haraka, nusu kivuli. Ilisomeka vizuri: GF-SXE10-AETVF.

SXE10 ni chesisi ya RS200, hapo dalali hakudanganya. Hesabu herufi baada ya kistari cha mwisho: A, E, T. Ile ya tatu ndiyo giaboksi. Kwenye Altezza F ni manyuo ya gia 6, na T ni otomatiki ya gia 5. Kwenye Mark II na Chaser za JZX100 zenye turbo utaona M kwa manyuo ya gia 5 na P kwa otomatiki ya gia 4, nafasi ileile ya tatu. Chini kidogo ya mstari huo kibati hutaja hata jina la giaboksi yenyewe: J160 ndiyo manyuo ya Altezza, A650E ndiyo otomatiki ya RS200. Gari la mpwa wangu lilizaliwa otomatiki. Mtu fulani, mahali fulani, alilitia mkono wa gia.

"Lakini mjomba, lina klachi!"

"Sikatai. Na mimi nikivaa kanzu si shehe."

Tulikwenda kuliona hata hivyo, maana alikuwa ameshatoa ahadi na mimi nilikuwa na safari ya Dar. Lilikuwa limeegeshwa chini ya kivuli cha turubai, limepigwa polishi linang'aa. Nikamwonyesha mambo ambayo picha hazisemi. Kwenye usukani vilikuwepo bado vile vitufe vya kupandisha na kushusha gia, vya otomatiki, vilivyobaki havina kazi. Tulipowasha swichi, kwenye dashibodi pale panapotakiwa kuonyesha P, R, N, D, palikuwa giza. Mahali pa taa papo, taa hakuna. Ngozi ya kuzunguka mkono wa gia ilikuwa imebanwa na skrubu mbili za mbao. Nikainyanyua: tundu limekatwa kwa grenda, kingo hazikupigwa rangi, kutu imeanza. Pedali ya klachi ilikuwa na raba ya gari jingine kabisa.

Dalali hakuona aibu. "Mzee, linatembea au halitembei?"

Linatembea. Wala simdharau fundi aliyeifanya kazi ile. Kushusha A650E, kupandisha J160, kupata flaiwili, pedali, silinda ya klachi na propela ya urefu unaolingana si mchezo, na kwa anayetaka gari la kufurahia tu Jumapili, sioni ubaya. Ubaya ni bei. Yule bwana aliuza gari lililobadilishwa kwa bei ya lililozaliwa hivyo. Atakayekuja kununua kwako miaka 10 ijayo, akiwa Mmarekani au mtoto wa Masaki, atafungua boneti kwanza, kisha atakutajia bei ya T. Na kompyuta ya gari, kama haikubadilishwa, bado inaitafuta giaboksi yake ya zamani. Hilo ndilo chimbuko la ile taa ya injini iliyokuwa imezibwa kwa kipande cha gundi nyeusi. Ndiyo, ilikuwa imezibwa. Niliibandua kwa ukucha.

Tukiwa pale dalali akatoa la pili, labda kwa kutuonea huruma: RS200 nyingine, otomatiki halisi, ya mtumishi mmoja mstaafu, haijashushwa springi, haijatobolewa eksozi. Mpwa wangu hakutaka hata kuisogelea. Mimi nilizunguka nayo mtaa mzima, na niseme ukweli hata kama kidonda changu kinauma: lilikuwa gari bora kuliko lile la kwanza kwa kila kipimo. Gia zilibadilika bila kugutuka. Haidroliki ilikuwa nyekundu, haina harufu ya kuungua.

Watu husema otomatiki kana kwamba ni mnyama mmoja. Kwa mnunuzi wa gari la zamani ni wanyama watatu, na tofauti yao ni kubwa kuliko ile ya manyuo na otomatiki. Wa kwanza ni huyu wa haidroliki, wa A650E, mzito kidogo, mlaji wa mafuta kidogo, lakini ukimpa haidroliki aliyoandikiwa, kwa Toyota nyingi za wakati ule ni Type T-IV, anazeeka pamoja na injini. Wengi wao hufa kwa sababu fundi aliongeza haidroliki yoyote nyekundu aliyoikuta dukani. Wa pili ni manyuo iliyokatwa mguu: klachi ni ileile kavu, giaboksi ni ileile ya meno, ila anayekanyaga ni pampu na anayeamua ni kompyuta. Ferrari za vishikio za miaka ile ni huyo, BMW M3 za SMG ni huyo, na nyumbani kwa Toyota yupo kwenye MR-S za kuanzia 2000. Huyu namwogopa. Foleni ya Mbagala inamlia klachi, na ukishaibadili unahitaji kompyuta ya kumfundisha pa kushikia upya. Pampu yake ikichoka gari zima linakuwa banda la kuku la bei mbaya. Wa tatu ni wa klachi mbili, PDK na ndugu zake, mzuri ajabu, ila akiharibika mafundi wetu wengi humshusha mzima na kuweka mwingine, si kumfungua.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu wa Dar mwenye fundi wake wa kompyuta karibu, swali la manyuo au otomatiki linakuwa la ladha na la mfuko. Nikiulizwa na mtu wa Milola, nauliza kwanza: likifa, litafia wapi?

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, makalavati yakabebwa, na kusini yote ikakaa siku kadhaa imetengwa. Waliokuwa na magari mabovu wakati ule walijifunza kwamba spea iliyopo Ilala Shauri Moyo ni sawa na spea iliyopo Tokyo. Na hata bila kimbunga, ukiacha lami kuelekea Milola unaingia kwenye vumbi la kiangazi na tope la masika, kati ya mikorosho, na gari la chini kama Altezza hulipeleki pale kwa pupa. Pleti ya klachi fundi wa Lindi anaibadili kwa jeki mbili na kijana wa kumshikia taa. Giaboksi ya otomatiki ataishusha vilevile, lakini ataipakia kwenye basi la Dar, na wewe utakaa unapiga simu.

Ndipo nikaanza kutafuta la tatu. Kuagiza Japani tulikufuta mapema: gari la abiria lililopita miaka 10 hulipiwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya ule mwingine, na fedha ya korosho, hata msimu ule wa 2024 kilo ilipopita shilingi 4,000 mnadani, ina wenyewe wengi. Tukapata AS200, rangi ya fedha, namba B, Kurasini, kwa mtu ambaye hakujua sana anacho nini. Alikuwa anaiuza kama "Altezza ya injini ndogo." Kibatini herufi ya tatu ilikuwa F.

Mpwa wangu alinung'unika kuhusu farasi 160. Nikamwambia afungue tena boneti aitazame ile injini. 1G-FE ndiyo iliyokuwa kwenye Mark II nyingi zilizobeba maharusi na wabunge wa nchi hii. Hakuna fundi kusini asiyeijua, na plagi zake na pampu yake ya maji zinapatikana hadi kwenye maduka yanayouza salfa ya korosho na misumari. 3S-GE ya RS200 ni tamu zaidi, haina ubishi, inalia mpaka mizunguko 7,600 kabla haijatoa nguvu yake yote. Lakini ikigoma, unaanza kuwatafuta wanaoijua. Na giaboksi, kwa bahati nzuri, ni J160 ileile kwenye zote mbili.

Tuliijaribu asubuhi, injini ikiwa haijawashwa tangu jana. Hilo nililiomba makusudi. Muuzaji anayekukuta na gari la moto ameshakuficha nusu ya habari. J160 ikiwa baridi huwa ngumu kidogo kuingia gia ya 2, hiyo ni tabia yake. Unachosikiliza ni mkwaruzo. Ukiingiza haraka ikakwaruza, sinkronaiza imeliwa. Kisha unaondoka, unaweka gia ya 4 ukiwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, unakanyaga resi hadi chini: mshale wa mizunguko ukipanda na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza, toa bei ya klachi kwenye bei ya gari. Kisha ukishuka mteremko unaachia resi ghafla ukiwa kwenye gia. Mkono wa gia ukijitoa wenyewe, funga mazungumzo. Ya kwetu haikukwaruza, haikuteleza, haikujitoa. Klachi ilikamata juu sana, karibu na mwisho wa pedali, maana yake pleti imebaki nyembamba. Tukaishusha bei kwa hiyo.

Nikamwambia sasa aendeshe yeye. Hapo nikakumbuka jambo ambalo sikulifikiria. Mtoto huyu amekulia kwenye bodaboda. Klachi kwake iko mkono wa kushoto na gia iko mguu wa kushoto. Kwenye gari zimebadilishana: klachi mguuni, gia mkononi, upande uleule. Kwa dakika 10 za mwanzo kila alipotaka kubadili gia vidole vyake vya kushoto vilikunjika hewani kutafuta kishikio, na mguu ukagusa chini kwa ncha ya kiatu kama anayepiga gia ya pikipiki. Gari likazima mara 4 mbele ya geti la watu. Mara ya 5 likaondoka, na nikaona kitu usoni mwake ambacho otomatiki ya mstaafu isingempa, hata ingekuwa nzuri mara mbili.

Tuliondoka Dar alfajiri ili tusiilaze klachi ile kwenye foleni ya Rangi Tatu. Nilikaa pembeni. Daraja la Mkapa tulilivuka jua likiwa linapanda juu ya Rufiji, na mpaka tunafika Somanga alikuwa ameacha kuutazama mkono wa gia akibadili. Milola tuliingia jioni. Bibi yake, mama yangu mdogo, alikalishwa kiti cha mbele, akazungushwa hadi msikitini na kurudi. Aliposhuka alisema mtoto anaendesha kama anasonga ugali wa watu wengi, mkono haupumziki.

Klachi tuliibadili baada ya miezi minne, Lindi, chini ya mkorosho wa fundi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi alasiri. Niliomba pleti ya zamani nikaishika: rivet zilikuwa zimeanza kugusa chuma. Fundi alitaka kuitupa, mpwa wangu akaichukua, iko ukutani kwake mpaka leo, imetundikwa kwenye msumari kama saa.

Mwezi uliopita alinipigia. Kuna mtu wa Dar ameiona Altezza mtandaoni kwenye picha ya harusi, ameitafuta mpaka ameipata, anataka kununua. Ametaja fedha ambazo kwa korosho ni misimu miwili, ya mvua nzuri na ya bei nzuri. Sharti lake moja: afungue boneti, apige picha kibati, atume.

"Umetuma?" nikamuuliza.

"Sijatuma. Nimemwambia herufi ya tatu ni T."